Kwa nini tunasambaza habari ambayo hata sisi wenyewe tunaitilia shaka?

Mwalimu wa Morogoro

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, na ninaleta hapa swali ambalo limenikaa moyoni tangu muhula uliopita, kwa kuwa naamini humu wamo watu waliolitafakari kwa kina kuliko mimi.

Jioni moja, katika kundi la WhatsApp la wazazi wa shule yetu, iliingia rekodi ya sauti ya mwanamke aliyekuwa akilia, akisema kwamba watoto wanaibwa na watu wanaojifanya wachuuzi wa vyombo vya plastiki. Hakutaja kijiji, siku wala jina la mtoto hata mmoja. Chini yake yaliwekwa yale maneno tuliyoyazoea, "imetumwa kama ilivyopokelewa", na kabla ya swala ya Isha rekodi hiyo ilikuwa imeshafika katika kundi la kwaya, la kikoba na la vijana wa bodaboda. Kesho yake asubuhi kijana auzaye mabeseni na ndoo, ambaye mtaa mzima unamfahamu kwa sura, alizingirwa karibu na kisima, na tayari kulikuwa na mtu aliyeshika tofali. Aliyemwokoa ni balozi wetu wa nyumba kumi, mama mtu mzima asiye na simu janja, ambaye alijipenyeza hadi katikati akauliza kwa sauti yake ya kila siku: "Nani kati yenu hajui mtoto wake alipo?" Hakuna aliyejibu. Akarudia kuuliza, safari hii akimtazama mmoja mmoja na kumwita kwa jina, mpaka watu wakaanza kutawanyika.

Vijana wa kisimani wananisumbua, lakini wazazi wananisumbua zaidi. Niliwauliza kadhaa kati ya waliosambaza rekodi ile, miongoni mwao muuguzi, mhasibu na mwalimu mwenzangu, kama waliiamini. Karibu wote walinijibu kwamba walikuwa na mashaka nayo. Maana yake ni kwamba uwezo wa kuitambua kasoro yake walikuwa nao, ila wakati wa kubonyeza haukutumika. Je, inawezekanaje mtu mwenye elimu na mwenye dhamiri akatenda kinyume cha mashaka yake mwenyewe, katika jambo linaloweza kuua? Na sisi tunaolea vijana tuwafundisheje kufikiri kwa akili zao bila kuwafanya wakaidi wasiomheshimu mkubwa?

Msomaji wa Saikolojia, Dar es Salaam

Mwalimu, hilo ulilosikia kutoka kwa wazazi limeonekana pia katika utafiti. Gordon Pennycook, David Rand na wenzao walichapisha mwaka 2021, katika jarida la Nature, majaribio waliyoyafanya Marekani kwa kuwaonyesha watu vichwa vya habari, vingine vya kweli na vingine vya uongo. Waliotakiwa kusema kipi ni cha kweli walitofautisha vizuri kiasi. Waliotakiwa kusema kipi wangependa kukisambaza hawakutofautisha sana, ingawa walipoulizwa moja kwa moja ni jambo gani lenye uzito zaidi kwao wanaposambaza habari, wengi walisema ni ukweli wake. Hawakuwa wanafiki. Waliujali ukweli, lakini fikra zao wakati ule zilikuwa kwenye jambo jingine.

Baadaye watafiti hao waliwatumia watumiaji zaidi ya 5,000 wa Twitter ujumbe wa faragha uliowaomba wapime ukweli wa kichwa kimoja tu cha habari, kisichohusu siasa hata kidogo. Baada ya ombi hilo dogo, vyanzo vya habari walivyovisambaza vilikuwa na ubora zaidi kuliko vya awali. Badiliko halikuwa kubwa, nisije nikalikuza, lakini linatosha kuonyesha mlango ulipo.

Sasa mtazame balozi wenu. Swali lake halikuwapa watu wale habari yoyote mpya, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajua tangu asubuhi kwamba mtoto wake yupo shuleni au nyumbani. Alichofanya ni kuirudisha fikra yao kwenye kile walichokuwa wanakijua. Naomba pia tusiseme kwamba wazazi walikosa dhamiri, maana kilichowasukuma kubonyeza kilikuwa ni dhamiri vilevile: mzazi anayesambaza onyo anajiona anawalinda watoto wa wenzake, na anayenyamaza anaogopa kuonekana hajali. Huruma ilifika kwanza, na ilipofika ikahesabiwa kuwa imetosha.

Bwana Shamba, Dodoma

Nimesoma kwa makini, na ninaomba kutofautiana kidogo na mwelekeo wa mazungumzo haya, kwa sababu naona tunakaribia kuitwika simu mzigo wote.

Mwanzoni mwa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, waliuawa watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian kilichopo Arusha, pamoja na dereva wao. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa wakati ule, mwanamke aliwaona akapiga kelele, kisha tangazo likatolewa kwa kipaza sauti cha kanisa kwamba mumiani, yaani wanyonya damu, wameingia kijijini. Watu walikusanyika na mapanga na marungu, wakawaua, wakaichoma miili yao pamoja na gari. Sisi tunaofanya kazi ya ugani tulilia kwa sababu tulijua kwamba ingeweza kuwa ni sisi. Hapo hapakuhitajika kundi la WhatsApp, kipaza sauti kimoja kilitosha.

Na imani yenyewe ni ya zamani kuliko umeme vijijini. Wakati wa ukoloni, Nairobi, Kampala na kwetu huku, watu wengi waliamini kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi, katika wilaya kama Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha vifo vya watu waliopigwa na makundi, hadi Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika baadhi ya maeneo. Uvumi wa namna hii hustawi pale ambapo watu wamezoea kuona magari ya wageni yanakuja, yanachukua kitu, na kuondoka bila kueleza. Ndiyo maana mimi sichimbi shimo la udongo kabla sijaripoti ofisi ya kijiji na kutambulishwa mkutanoni. Kumwambia mwanakijiji afikiri kwa akili yake, huku hakuna anayempa habari za kuifanyia kazi akili hiyo, ni kumtupia lawama peke yake.

Msomaji wa Saikolojia, Dar es Salaam

Bwana Shamba, nakubali kwamba woga haukuzaliwa na simu, na habari ya Iringa Mvumi inaniumiza kila ninapoikumbuka. Lakini simu imeondoa kitu kimoja muhimu, nacho ni muda. Zamani uvumi ulitembea kwa miguu, na kila mdomo ulioupitia ulikuwa na nafasi ya kuukataa.

Nitoe mfano. Huko Karachi, Pakistani, ilitengenezwa filamu fupi ya kuhamasisha usalama wa watoto, ambamo watu wawili wenye pikipiki wanamnyakua mtoto, kisha wanamrudisha na kuonyesha bango linalowaasa wazazi wawe waangalifu. Mtu fulani akakata sehemu ya mwisho. Kipande kilichobaki kikazagaa India kama ushahidi wa wizi wa watoto, na mwaka 2018 uvumi wa aina hiyo uliua watu katika majimbo mbalimbali. Tarehe 1 Julai mwaka huo, katika kijiji cha Rainpada huko Maharashtra, wanaume watano wa jamii ya wahamaji waliokuwa wakipita kuomba walipigwa hadi kufa. Ni baada ya vifo hivyo ndipo WhatsApp ilipopunguza idadi ya watu au makundi ambayo mtu anaweza kuyasambazia ujumbe kwa mkupuo kuwa 5, kwanza India na mwaka 2019 duniani kote. Aprili 2020 jumbe zilizokwisha kusambazwa mara nyingi, zile zenye mishale miwili, zikaruhusiwa kwenda kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati, na kampuni ilieleza kwamba usambazaji wa jumbe hizo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyekatazwa kusambaza. Mtu alichelewa kidogo tu, na wengi hawakuendelea.

Wakili Kijana, Mwanza

Nichangie kwa ufupi upande wa sheria, kwa kuwa kila mara mtu husema "wakamatwe". Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kama ilivyotungwa mwaka 2015, kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hata hivyo kinamlenga anayechapisha akijua kwamba habari ni ya uongo, tena akiwa na nia ya kudanganya, kutishia au kukashifu. Mzazi mwenye mashaka na nia njema, ambaye Mwalimu ameuliza habari zake, hayumo. Na nisingependa aingizwe, maana tukianza kuadhibu mashaka, hata onyo la kweli halitatolewa.

Mwalimu wa Morogoro

Nawashukuru nyote. Hoja ya muda nimeielewa, na ya Bwana Shamba imenifanya nione kwamba balozi wetu alisikilizwa kwa sababu anajulikana. Mgeni angeuliza swali lilelile, huenda naye angepigwa.

Ninalo jambo moja linalonitia wasiwasi. Nilipoanza kuwaambia wanafunzi wangu "msiamini kila mnachosikia", mmoja wa wazazi alinifuata akaniambia kwamba ndivyo hasa anavyofanya: haamini wataalamu wa afya, ndiyo maana binti yake hakupata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi iliyotolewa shuleni. Anajiona mtu huru katika fikra. Kama kufikiri kwa kujitegemea ni kukataa tu, basi nitakuwa nimewafundisha watoto ubishi nikauita busara. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoeleza sera ya elimu ya kujitegemea, alitaka elimu imjengee kijana akili ya kudadisi, na papo hapo uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine na kuchagua kinachomfaa. Nusu ya kwanza tunaitaja sana. Hiyo ya pili ndiyo sijui kuifundisha.

Ustadhi, Unguja

Assalaam alaykum. Mwalimu, swali lako la adabu na hili la mzazi wa chanjo yana jibu la pamoja, nami nitalileta kutoka katika elimu niliyoisomea.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inawaamrisha waumini kwamba wakijiwa na mtu asiyeaminika akiwa na habari, waichunguze, wasije wakawadhuru watu bila kujua kisha wakajuta. Angalia inavyoutaja moja kwa moja msiba wa mtu asiye na hatia. Kutokana na tahadhari ya namna hii maulamaa walijenga elimu nzima ya hadithi, yaani masimulizi ya maneno na matendo ya Mtume. Habari haikupokelewa mpaka msimulizi aeleze ameipokea kwa nani, na huyo kwa nani, hadi mwisho wa mnyororo wa wapokezi, kisha kila mmoja akachunguzwa: je, alikutana kweli na aliyemtaja, ni mkweli, na kumbukumbu yake ikoje? Wapo wazee wachamungu, ambao wanafunzi waliwabusu mikono, lakini hadithi zao ziliandikwa kuwa dhaifu kwa sababu kumbukumbu zilikuwa zimepungua. Hakuna aliyeona kwamba wamevunjiwa heshima. Heshima ilikuwa haki yao, na usahihi ulikuwa haki ya umma.

Kwa hiyo "imetumwa kama ilivyopokelewa" ni kinyume kabisa cha njia hiyo, kwa sababu inaufuta mnyororo na kumwachia kila mtu mikono mitupu. Na mzazi asiyemwamini daktari yeyote ameufuta kwa namna nyingine, kwani amewaweka wasimulizi wote kiwango kimoja, aliyesoma ugonjwa huo miaka mingi na aliyerekodi sauti akiwa nyumbani. Mfundishe kijana kuuliza "umeipata kwa nani, na yeye aliijuaje?" Hilo linaulizika kwa adabu hata mbele ya babu yake. Ndugu zetu Wakristo nao wameambiwa katika Kutoka, sura ya 23, wasieneze habari ya uongo wala wasiandamane na wengi kutenda uovu, kwa hiyo jambo hili si la dini moja.

Mama Wawili, Nakuru

Hamjambo kutoka Kenya. Nimeishi katika mji ambao mwanzoni mwa mwaka 2008 majirani waligeukana, na jumbe fupi za simu za wakati huo zilipita usiku zikiwaambia watu wa kabila fulani kwamba wa kabila jingine wanakuja. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile za baada ya uchaguzi, ilihesabu vifo 1,133 nchini. Nilikuwa na watoto wadogo, na ninakumbuka kwamba katika mtaa wetu wengi hatukutaka yaliyotokea. Tulinyamaza, kila mmoja akimngojea mwingine.

Kunyamaza huko ndiko ninakotaka Mwalimu akufikirie. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio ambamo mtu alisikia, kupitia kipaza sauti, mwenzake katika chumba kingine akipatwa na kifafa. Walioamini kwamba ni wao peke yao waliosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla mgonjwa hajanyamaza. Walioamini kwamba wapo wengine 4 wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Kundi la wazazi 200 lina hali hiyohiyo: kila mzazi anadhani kwamba miongoni mwa hao wengine lazima kuna aliyehakiki.

Solomon Asch naye, miaka ya 1950, aliwapa wanafunzi wa vyuo kazi rahisi ya kulinganisha urefu wa mistari, huku wenzao waliopangwa wakitoa jibu lisilo sahihi kwa kauli moja. Takriban robo tatu walifuata kosa walau mara moja, ingawa macho yao yaliona. Lakini alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli kabla yao, kufuata kosa kulipungua sana. Tunapozungumza na vijana kuhusu ujasiri, tunawasimulia habari za yule wa kwanza, aliyesimama peke yake, na wengi wanaondoka wakijua kwamba wao si watu wa namna hiyo. Mimi ningewafundisha kuwa mtu wa pili. Naamini pale kisimani walikuwepo watu kadhaa waliokuwa na mashaka kama ya balozi, na laiti mmoja angesema "hata mimi sijasikia mtoto aliyepotea" mara tu yeye alipouliza, asingelazimika kurudia swali. Kusema maneno hayo, kijana yeyote mwenye haya anaweza.

Bwana Shamba, Dodoma

Mama Wawili, hilo la mtu wa pili nalichukua kama lilivyo. Nitalipeleka kwa wenyeviti wa vitongoji, kwa sababu mkutanoni ndivyo inavyokuwa: akisimama wa kwanza anazomewa, akisimama wa pili watu wanaanza kusikiliza.

Mwalimu wa Morogoro

Nimeyachukua haya hadi kwenye kamati ya wazazi. Tumekubaliana kwamba anayeleta habari ya hatari katika kundi aandike nani ameona, wapi na lini, na kama hawezi kuyaandika hayo, ampigie kwanza balozi au ofisi ya mtaa kabla ya kuirusha. Darasani nimeanza kuwapa wanafunzi rekodi na picha za zamani, nao wanafuata mnyororo wa Ustadhi mpaka pale unapokatika. Wanaufurahia kuliko nilivyotarajia, na hata wale wakimya wanauliza.

Limebaki suala la kijana wa mabeseni. Hapiti tena mtaani kwetu, na kamati inapendekeza tuandike ujumbe wa kumwomba radhi kwa jina la wazazi wote, tuuweke kwenye kundi, kisha mmoja wetu amsomee. Je, mnaona unatosha?

Mama Wawili, Nakuru

Hautoshi, Mwalimu, na nakuomba uwaambie hivyo. Radhi ya "wazazi wote" itakuwa kama rekodi ile, imetoka kwa kila mtu na haina mwenyewe. Waliokuwepo kisimani waende kwake, wakiongozwa na balozi, kila mmoja aseme jina lake na alichofanya, na aliyeshika tofali awe miongoni mwao. Waulize pia ni vyombo vingapi vilivyovunjika siku ile, wavilipe hapohapo. Halafu ujumbe wa kwamba ile habari haikuwa ya kweli upelekwe kwenye makundi yaleyale ya kwaya, kikoba na bodaboda, na wale walioirusha huko, kwa sauti zao wenyewe, ili akirudi na bidhaa zake asikutane na mtu ambaye bado anayo rekodi bila kujua mwisho wake.

Ustadhi, Unguja

Naunga mkono. Na aendaye asimsemeshe kijana kuhusu kusamehe siku hiyohiyo. Aombe radhi, alipe, amwache afikiri.